Nani aliwatoa watoto viwandani Uingereza: Bunge au mishahara?

Wapo wanahistoria wa uchumi wanaoshikilia kwamba watoto wa Uingereza hawakutolewa viwandani na migodini na Bunge. Kilichowatoa, wanasema, ni mishahara ya wazazi kupanda, pamoja na mashine mpya zisizohitaji vidole vidogo. Sheria zilikuja tu kugonga muhuri jambo lililokwisha kuanza lenyewe.

Hoja hii haifai kupuuzwa. Mtoto wa Kiingereza alikuwa akifanya kazi shambani na kusokota sufu nyumbani kabla kiwanda cha kwanza hakijajengwa. Na sheria ya 1842 ilipowazuia wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe, baadhi ya wanawake walivaa nguo za kiume wakarudi shimoni. Walikuwa wamepokonywa riziki bila kupewa nyingine.

Tena sheria za mwanzo zilikuwa dhaifu mno. Ile ya 1819 ilikataza viwanda vya pamba kuajiri walio chini ya miaka 9, lakini haikuweka mkaguzi wa serikali. Ya 1833 ilileta wakaguzi wanne, kwa nchi yenye viwanda vya nguo kila bonde la kaskazini! Mtoto wa chini ya miaka 13 aliruhusiwa saa 48 kwa wiki, lakini umri wake ungejulikanaje? Serikali ilianza kuandikisha vizazi England na Wales mwaka 1837, hivyo daktari alimtazama mtoto kimo na kukisia. Mwaka huohuo Edwin Saunders, daktari wa meno wa London, alipendekeza watoto wakaguliwe meno ili umri wao ukadiriwe.

Mpaka hapo, wanaobeza sheria wanaonekana kushinda. Mimi naona wanakwama kwenye dohani.

Wavulana walipandishwa ndani ya dohani, yaani mabomba membamba ya kutolea moshi majumbani, kukwangua masizi kwa magoti na viwiko. Sheria ya 1788 iliweka umri wa chini kuwa miaka 8. Mwaka 1803 George Smart alikwisha kubuni brashi ya fito za kuungana iliyoweza kufanya kazi hiyo kutoka chini. Kifaa kilikuwepo, na wenye majumba makubwa hawakuwa maskini. Ila wengi wao walipendelea mvulana. Sheria ya 1840 ikakataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda, nayo ikapuuzwa kwa miongo. Mnamo Februari 1875 George Brewster, mtoto wa miaka 11, alikwama katika dohani ya hospitali ya Fulbourn karibu na Cambridge, akafa. Msafisha dohani aliyemtumikisha akafungwa miezi sita kwa kuua bila kukusudia. Mwaka huohuo Bunge likaamuru kila msafisha dohani awe na leseni, chini ya usimamizi wa polisi. Hapo ndipo biashara ya kupandisha wavulana ilipokufa.

Miaka zaidi ya 70 ya teknolojia bora kuwepo sokoni haikutosha. Kilichomaliza kazi ni leseni inayoweza kunyang'anywa. Kwa hiyo swali la "sheria au uchumi" limewekwa vibaya, kwani sheria isiyo na msimamizi na sheria yenye msimamizi ni vitu viwili tofauti, na anayezijumlisha pamoja atapata jibu lolote analolitaka.

Halafu kuna Lancashire, eneo la viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa England. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wa pamba huko walikuwa na hali nzuri kuliko babu zao, na shule zilikuwa bure tangu 1891. Hata hivyo wengi wao walipinga kufutwa kwa utaratibu wa mtoto kushinda nusu siku kiwandani na nusu shuleni. Mishahara ilikuwa imepanda, na watoto bado walikwenda. Utaratibu huo ulikomeshwa na sheria ya elimu ya 1918.