Makato yafike tarehe 9. Malipo ya hospitali yafike lini?

Kila mwezi kabla ya tarehe 9, karani wa mishahara katika kampuni yoyote ya Kenya ana orodha ya kumaliza: kodi ya mshahara (PAYE), akiba ya uzeeni (NSSF), ada ya nyumba za bei nafuu na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi wa kila mfanyakazi inayokwenda SHIF, hazina ya bima ya afya ya jamii. Akichelewa, kuna adhabu. Kusema mtandao ulikuwa chini hakumsaidii. Upande wa pili wa fedha hizohizo ameketi mhasibu wa hospitali, naye ana orodha yake: mama aliyejifungua Jumanne, mgonjwa wa figo aliyesafishwa damu mara mbili wiki hii, mtoto aliyelazwa kwa nimonia. Madai yote ameyatuma. Asichojua ni fedha zitaingia mwezi gani.

Ukitaka kuelewa mageuzi ya afya ya Kenya yamewafanyia nini waajiri na watoa huduma, waangalie watu hawa wawili pamoja. Tumezoea kuwajadili kila mmoja kivyake, mmoja kwenye kurasa za biashara, mwingine kwenye kurasa za afya.

Kwa ufupi, tulifikaje hapa. NHIF, bima ya taifa ya afya ya zamani, ilianzishwa mwaka 1966 na ikaishi karibu miaka 60, ikijulikana kwa mambo mawili: ndiyo bima pekee ambayo Mkenya wa kawaida aliweza kuimudu, na ilikuwa shamba la bibi. Kashfa hazikuisha. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne mpya za afya, siku moja kabla ya Mashujaa Dei. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria tatu kati ya hizo hazikufuata Katiba, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba SHA, mamlaka mpya inayosimamia SHIF, ikaanza kazi. Wakaguzi, mahakama na mafundi wa kompyuta wote walikuwa bado wamo shughulini. Ni kama kuhamia nyumba ambayo fundi bado anapiga lipu.

Tuanze na waajiri, maana wao ndio waliopiga kelele mapema. Nikishika kikokotoo naona kelele zile zilichanganya mambo ambayo yalifaa kutenganishwa.

Chukua karakana ya samani yenye mafundi 12, kila mmoja akilipwa shilingi 20,000. Chini ya NHIF kila fundi alikatwa 750. Chini ya SHIF anakatwa 550. Ndiyo, imepungua. Anayelipwa 15,000 alikuwa akitoa 600, leo anatoa 412 na senti 50. Mizani inaanza kugeuka kwenye mshahara wa 35,000 hivi, na kuanzia hapo inapanda bila kusimama, kwa sababu SHIF haina kikomo. NHIF iliishia 1,700 hata kama mtu alilipwa milioni. Sasa meneja wa karakana ileile mwenye 150,000 anatoa 4,125, na mkurugenzi mwenye 500,000 anatoa 13,750.

Kwa hiyo malalamiko ya kwamba SHA inamkamua mfanyakazi wa chini, kwa upande wa walioajiriwa, hayasimami. Wanaobeba mzigo mpya ni wa kati na wa juu, na kwangu mimi hilo ni sawa katika bima inayoitwa ya jamii. Ajabu ni kwamba Desemba 2024 Bunge lilirekebisha sheria za kodi ili mchango wa SHIF uondolewe kwanza ndipo PAYE ihesabiwe. Meneja wetu anaokoa takriban 1,237 katika ile 4,125. Fundi wa 20,000, ambaye mshahara wake haufikii kiwango cha kutozwa PAYE, haokoi chochote. Kilichotolewa kwa mkono wa kulia kimerudishwa kidogo kwa wa kushoto.

Na mwajiri mwenyewe? Hapa ndipo waajiri wetu walipaswa kushusha sauti kidogo. SHIF haimtaki aongeze senti kutoka mfukoni mwake. Ng'ambo ya mpaka, mfumo wa NHIF ya Tanzania kwa watumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Mwajiri wa Kenya ni tarishi tu: anakata, anapeleka.

Lakini tarishi naye ana gharama zake, na zingine hazionekani kwenye hesabu rahisi. Kenya hatujadiliani mshahara ghafi. Swali la mahojiano ya kazi ni moja: "Naenda nyumbani na ngapi?" Makato yanapoongezeka, mhasibu mzuri au mhandisi mzuri anarudi mezani na kudai fidia, na aghalabu anaipata. Ada ya nyumba iliitangulia SHIF, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwa mwajiri, huku viwango vya NSSF vikipanda kwa awamu. FKE, shirikisho la waajiri, imekuwa ikilalamikia rundo hilo lote kwa pamoja, na kwa rundo ina hoja.

Halafu kuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayosema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mtu ana mkopo wa SACCO, ana mkopo wa benki, halafu yanakuja makato mapya ya lazima juu yake. Serikali haingoji zamu. Ofisa wa rasilimali watu ndiye anayebaki kuhesabu kama kijana wa watu bado anabaki na theluthi yake, na akigundua habaki, kosa la kisheria linamwangukia mwajiri.

Jambo lililowaumiza waajiri wakubwa zaidi, na ambalo halikupewa nafasi sana, ni bima binafsi. Kampuni nyingi huwalipia wafanyakazi bima ya kundi. Siku za NHIF ilikuwa kawaida mfanyakazi akilazwa, NHIF ilipe sehemu yake ya kitanda kwanza na kampuni ya bima imalizie. Sasa hospitali ikikataa SHA, au mfumo ukikwama siku ya kuruhusiwa nyumbani, bima binafsi inabeba bili nzima. Mwisho wa mwaka, mkataba unapofanywa upya, bei inapanda. Mkurugenzi wa fedha anajikuta amelipia ugonjwa mmoja mara mbili: kwa makato ya lazima ambayo yamefanya watu wadai nyongeza, na kwa bima ambayo hawezi kuiacha kwa sababu wafanyakazi hawaiamini ile ya lazima. Hapo mwajiri anagundua kwamba afya ya kitabu cha hesabu cha hospitali inamhusu kuliko alivyodhani.

Twende basi hospitalini.

Chukua kituo kidogo cha akina mama cha Level 3 (ngazi ya kituo cha afya, chini ya hospitali), cha kibinafsi, chenye wauguzi wachache na maabara. SHA hulipa 10,000 kwa uzazi wa kawaida. Kikizalisha akina mama 30 kwa mwezi, kinadai 300,000. Malipo yakichelewa miezi mitatu, 900,000 ziko hewani. Wauguzi wanataka mshahara, muuza dawa amekopesha vya kutosha, stima ni ya kulipia kabla. Hospitali kubwa ya Nairobi inaweza kwenda benki. Mwenye kituo hiki anauza shamba, au anamwambia mama anayeingia na uchungu alipe taslimu.

Hilo si jambo la kufikirika. Februari 2025, RUPHA, chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashinani, kilitangaza wanachama wake wataacha kuwahudumia wagonjwa wa SHA kwa mkopo. Wagonjwa wakaambiwa walete pesa mkononi. Nyuma ya mgomo huo kulikuwa na madeni ya aina mbili: ya SHA yenyewe, na takriban bilioni 30 zilizoachwa na NHIF. Mwezi uliofuata Rais Ruto alisema hospitali zinazodai NHIF milioni 10 kurudi chini zitalipwa zote, na zinazodai zaidi zihakikiwe kwanza. Kwa vituo vidogo hilo lilikuwa pumzi. Kwa hospitali za misheni zilizohudumu miaka na mikaka bila kufukuza mtu, kuambiwa usubiri uhakiki wa deni ambalo tayari umelilipia dawa na mishahara ni jambo chungu.

Tuseme na mazuri, kwa sababu yapo. Usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo umepandishwa kutoka 9,500 hadi 10,650 kwa kila mara. Upasuaji wa kuzalisha unalipwa 30,000. Na sheria moja kati ya zile nne, ambayo hata haikuguswa na kesi ile ya Julai, inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake badala ya kuyapeleka kwenye akaunti ya kaunti na kuyaombea kwa barua. Ukizungumza na msimamizi wa hospitali ya kaunti aliyewahi kusubiri miezi kupata pesa za kununua glavu, atakwambia hiyo ndiyo mageuzi. Tatizo ni kwamba uhuru wa kutumia mapato una maana mapato yakiingia.

Viwango vingine ni vya kutia shaka. Matibabu ya kawaida ya mgonjwa asiyelazwa yamepangiwa 900 kwa kila mtu kwa mwaka. Gawanya kwa 12 upate 75 kwa mwezi, karibu bei ya soda. Wanaotetea wanasema si kila mtu huugua kila mwezi, na ni kweli, ndivyo bima inavyofanya kazi. Lakini hesabu hiyo inahitaji watu wengi wazima waandikishwe kwenye kituo kimoja na wasiende, na katika mtaa wenye malaria na kikohozi cha watoto, wanakwenda.

Serikali nayo ina kesi yake, na ingekuwa dhambi kuipita haraka. Waziri wa Afya Aden Duale amekuwa akirudia kwamba hospitali hazilii bure, zingine zinalia kwa sababu njia ya kuiba imefungwa. Agosti 2025 wizara ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya udanganyifu: wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani wakiandikwa kuwa wamelazwa, na majina ya watu ambao hawakutibiwa. Mwaka 2023 taifa lilishangaa kusikia kuhusu wazee waliosafirishwa kutoka Meru hadi Nairobi kufanyiwa upasuaji ili NHIF ilipishwe. Kwa historia hiyo, kuhakiki kabla ya kulipa ni busara. Ndiyo sababu ya nambari ya siri iliyokuwa ikitumwa kwenye simu ya mgonjwa, na baadaye alama za vidole.

Ila ukali huo unaelekea upande mmoja. Mfumo wa kompyuta wenyewe umepewa kandarasi ya bilioni 104.8, na Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ikaeleza kwamba serikali haiumiliki. Kituo cha Level 3 kinadaiwa alama ya kidole kwa kila shilingi 10,000, na wakati huohuo swali la nani mwenye mashine ya kusoma kidole hicho linajibiwa kwa mikutano ya wanahabari.

Na fedha zenyewe zinatoka kwa wachache. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wako sekta isiyo rasmi. Mama mboga na mwendesha boda walipangiwa kiwango kwa kuulizwa maswali kuhusu nyumba na mali zao, kisha wakatakiwa walipe mwaka mzima mara moja. Mtu anayepata pesa kwa siku halipi kwa mwaka; mpango wa mkopo wa kulipa polepole ulikuja baadaye. Mamilioni wamejiandikisha, wanaochanga ni sehemu ndogo. Kwa hiyo ukifuata deni la hospitali hadi kwenye mzizi, unarudi kwa karani wetu wa mishahara. Yeye ndiye bomba la uhakika, na maji ya bomba moja yanatakiwa yanyweshe kijiji kizima.

Sasa warudishe wale watu wawili wa mwanzo, uone kwamba mara nyingi ni mtu mmoja. Kile kituo cha akina mama ni mwajiri pia. Tarehe 9 kinatakiwa kipeleke asilimia 2.75 ya mishahara ya wauguzi wake kwa SHA ileile inayokitaka kisubiri 900,000 zake. Kisipopeleka, kinatozwa adhabu, na muuguzi wake akienda kutibiwa anaambiwa michango haionekani. Mwenye kituo anakopa ili amlipe mdaiwa wake.

Wabunge wangeweza kuandika kifungu kifupi: kituo chenye madai yaliyokwisha kuhakikiwa na hayajalipwa kiruhusiwe kukata michango ya wafanyakazi wake kutoka kwenye deni hilo. Najua jibu la Afya House, makao ya wizara ya afya: madai mengine ni ya uongo, na tukifungua mlango huo kila tapeli atajilipa. Ndiyo maana nimesema yaliyokwisha kuhakikiwa. Uhakiki ukichukua miezi sita, basi kifungu hakitamsaidia mtu, na wizara italazimika kueleza kwa nini kazi ya wahakiki wake haina tarehe 9.