Mgonjwa wa moyo asipewe hesabu ya 220 kutoa umri

Lile jedwali limerudi tena kwenye simu za watu. Upande mmoja umri, upande wa pili mapigo ya moyo unayotakiwa kufikisha ukifanya mazoezi, na safari hii aliyelisambaza ameandika juu yake kwamba ni kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Limenikera sana, kwa sababu atakayelifuata ni mtu anayehangaika apate nafuu.

Chukua mgonjwa wa miaka 60. Kwa hesabu ya jedwali, 220 kutoa 60 ni 160, eti ndicho kilele cha mapigo yake. Jedwali linamtaka afikishe asilimia 70 hadi 85 ya hiyo, yaani mapigo 112 hadi 136 kwa dakika. Lakini mgonjwa huyu mara nyingi anameza bisoprolol au carvedilol, dawa zinazoyazuia mapigo yasipande. Hata bila dawa, moyo uliochoka mara nyingi hushindwa kupandisha mapigo kama moyo mzima. Tuseme amepimwa kwenye mashine ya kutembelea na mapigo yakaishia 118, miguu ikagoma. Ukimwambia afikishe 136 unamtaka avuke mwisho wake mwenyewe. Atajikaza mpaka kizunguzungu kimshike, au ataacha kabisa akiamini mazoezi si ya watu kama yeye.

Hesabu ya haki inaanzia kwake. Apimwe akiwa amemeza dawa zake kama kawaida, tena karibu na saa zile anazofanyia mazoezi. Akiwa ametulia mapigo ni 68, kileleni 118. Tofauti ni 50. Asilimia 40 ya 50 ni 20, asilimia 70 ni 35. Jumlisha 68 kote kote: eneo lake la mazoezi ni 88 hadi 103. Linganisha sasa. Kiwango cha chini kabisa cha jedwali, 112, kiko juu ya dari lake! Na mgeni wa mazoezi aanzie huku chini, kwenye 88, dakika 5 hadi 10 mara mbili kwa siku, aongeze muda kwanza kabla ya kasi. Dozi ya dawa ya mapigo ikibadilishwa, hesabu ya zamani itupwe.

Nakubali, mashine ya kupimia haipo kila kliniki. Hiyo bado si ruhusa ya kubahatisha. Kuna kipimo cha Borg, cha 6 hadi 20, ambapo mgonjwa mwenyewe anataja uzito wa kazi anavyousikia. Abaki 11 hadi 13, aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio atumie hiki hiki, maana namba ya saa ya mkononi itamdanganya.

Wapo wanaosema bora apumzike tu. Mwaka 1966 huko Dallas vijana 5 wenye afya walilazwa kitandani wiki 3, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Wengine wanaleta HF-ACTION, utafiti wa 2009 wa mazoezi kwa wagonjwa 2,331 wa aina hii, kwamba faida yake kwa vifo na kulazwa ilikuwa ndogo. Ni kweli, ilikuwa ndogo. Ila wengi wa waliopangiwa mazoezi hawakutimiza dakika walizopangiwa. Na katika SMARTEX, utafiti mwingine wa wagonjwa kama hawa, 2017, karibu nusu ya waliopewa mazoezi makali walishindwa kufikia ukali huo. Dozi iliyoandikwa na dozi iliyofanywa ni vitu viwili, na ndiyo maana naisisitiza hesabu hii.

Mazoezi ya nguvu yaongezwe baadaye, kwa uzito mwepesi, akitoa pumzi wakati wa kunyanyua. Asikatize mwendo ghafla akimaliza: damu hubaki miguuni, na dawa za kupanua mishipa huzidisha kushuka kwa presha, kwa hiyo atembee polepole dakika 5 hadi 10. Uzito wa mwili ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au pumzi ikibana akiwa amekaa, siku hiyo hakuna mazoezi. Apige simu kliniki. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada, na ajue kwamba dawa hizi za mapigo huficha moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho halifichiki; akitokwa na jasho jingi la baridi, asimame na kupima hapo hapo.