Mbwa wa Mbegu Safi na Mbwa Chotara: Ugonjwa Hukaa Wapi?

Basenji ni mbwa mdogo mwenye asili ya misitu ya Kongo, mkia wake umejikunja mgongoni, na habweki kama mbwa wengine. Jina lake limepitia Kilingala na lina undugu na neno letu “washenzi”. Leo mbwa huyu aliyeitwa wa washenzi ameandikwa katika madaftari ya ukoo ya Ulaya na Marekani kuwa mbwa wa mbegu safi, na huko ndiko alikojulikana kwa ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Wanaosema kwamba mbegu safi huleta maradhi na uchotara huleta afya wangefaa kumtazama yeye kwanza, kwa sababu kisa chake kinawaunga mkono na papo hapo kinawasahihisha.

Figo yenye afya huchuja damu, kisha hurudisha mwilini sukari na madini yanayohitajika. Kwa mbwa mwenye Fanconi vitu hivyo hupotea katika mkojo, hata sukari ya damu inapokuwa ya kawaida, hivyo mnyama hunywa maji mengi, hukojoa kupita kiasi na kukonda. Ugonjwa huu hurithiwa kwa jeni fiche, yaani mtoto huugua pale tu anapopata nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Ubaya wake mkubwa ni kwamba dalili huchelewa, mara nyingi hadi mbwa afikishe miaka 4 au zaidi, wakati dume amekwisha kuzaa watoto wengi. Basenji wa ughaibuni walitokana na mbwa wachache, na daftari lao lilipofungwa wasiandikishwe mbwa wa nje, ndugu waliendelea kupandishwa kwa ndugu na nakala mbovu zikakutana. Mwaka 1990 chama cha Marekani, American Kennel Club, kilifungua daftari hilo ili kuingiza mbwa waliotoka Kongo, na baadaye kikapatikana kipimo cha jeni yenyewe. Mbwa aliyebeba nakala moja akipandishwa kwa asiye nayo, hakuna mtoto atakayeugua.

Je, kisa hiki kinatosha kumpa chotara ushindi? Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa mwaka 2013, ulichunguza maradhi 24 ya kurithi kwa kumbukumbu za hospitali yake ya wanyama. Maradhi 10, yakiwamo baadhi ya magonjwa ya moyo na kifafa, yalionekana zaidi kwa mbwa wa mbegu safi. Maradhi 13 hayakuonyesha tofauti, na moja, kukatika kwa kano ya goti, lilikuwa zaidi kwa machotara. Kasoro ya nyonga, ambayo wengi huidhania kuwa laana ya mbegu safi peke yake, ilikuwa miongoni mwa yale 13. Kisha mwaka 2024 ukatolewa uchambuzi wa mbwa zaidi ya 580,000 wa Uingereza, ambamo umri wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 12.7 kwa mbegu safi na 12.0 kwa machotara.

Takwimu hizo nazipokea kwa tahadhari. Chotara wa London aliyenunuliwa na kuchanjwa hafanani na mbwa koko wa mitaa yetu, na huyu naye tunamwona imara kwa kuwa ndugu zake dhaifu walikufa wakiwa wachanga, pasipo mtu kuwahesabu.

Liko eneo moja ambalo sioni pande mbili za kupima, nalo ni la mbwa wenye pua bapa, kama bulldog na pug. Kwao umbo lenyewe linalopendwa ndilo linalobana pumzi, na kumchanganya pug na bulldog hakumwongezei mtoto njia ya hewa. Kwa hiyo uchotara husaidia pale tu unapoleta kile kinachokosekana.

Dalmatian, mbwa mweupe mwenye madoa, anaonyesha jambo hilo waziwazi. Mbwa wote wa mbegu hii walikuwa na badiliko la jeni linalojaza asidi ya yuriki katika mkojo, hata vijiwe vikaziba njia ya mkojo, hasa kwa madume. Kwa kuwa hapakuwa na Dalmatian mwenye nakala nzima, uteuzi makini ndani ya ukoo usingefua dafu. Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni Robert Schaible alimpandisha Dalmatian kwa Pointer, mbwa wa uwindaji, mara moja tu, kisha akawarudisha wazao kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, mpaka madoa yakarudi na mkojo ukabaki salama. Mwaka 1981 American Kennel Club iliwaandikisha wawili kati ya wazao hao, lakini wafugaji wakapinga na mlango ukafungwa tena. Ulifunguliwa mwaka 2011, na katika miaka yote 30 ya katikati watoto waliendelea kuzaliwa na kasoro ambayo tiba yake ilikuwa hai, ikitembea kwa miguu minne.