Chagua ugumu wa mshale kabla ya wembamba wake

Wengi wanaojiandaa kushindana kwa upinde na mshale kwenye uwanja wa wazi, iwe Nakuru au Kisumu, huulizia kwanza bei ya shafti (mwili wa mshale) nyembamba kuliko zote. Naona wanaanzia mwisho. Kwenye mita 70, shafti ghali ya kaboni isiyolingana na upinde hutawanya mishale kuliko ya aluminiamu ya kawaida yenye ugumu unaofaa.

Ugumu huo huitwa spaini. Shafti hulazwa juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 28, kisha uzito wa gramu 880 ukaning'inizwa katikati. Ikibonyea nusu inchi, huandikwa 500. Ikibonyea zaidi, namba hupanda. Kwa hiyo 700 ni laini kuliko 500.

Kosa kubwa ni kusoma pauni (nguvu ya kuvuta) zilizoandikwa kwenye mkono wa upinde na kuagiza papo hapo. Namba ile ni ya upinde ukivutwa inchi 28. Ukivuta zaidi, kila inchi huongeza takriban pauni 2. Chukua mizani ya ndoano, vuta hadi mwisho wako halisi, upime. Namba hiyo, pamoja na urefu wa mshale wako, ndiyo ya kupeleka kwenye jedwali la mtengenezaji. Kwa upinde wa rekavu, yaani wenye ncha zilizopinda mbele, pauni 36 na mshale wa inchi 29 huangukia karibu na 600.

Ukishapata shafti 12 za fungu moja, usizikate zote. Kata tatu kwa urefu uliozidi kidogo, mbili kati yake uziache bila manyoya, uzirushe pamoja na ile ya tatu yenye manyoya, ya urefu na ncha ileile, kwanza mita 18 halafu 30. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, zisizo na manyoya zikiangukia kulia, shafti ni laini mno: punguza milimita 6 au weka ncha nyepesi. Zikiangukia kushoto, ni ngumu: ongeza uzito wa ncha. Ukishakata mno, hakuna kurudi, na shafti zilizoagizwa ng'ambo ni shida kuzibadilisha. Msumeno wa chuma hupasua nyuzi za kaboni. Tumia diski ya kukatia inayozunguka kwa kasi, na uzibe pua na mdomo kwa barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Hapo sasa ndipo wembamba una maana. Kisumu, upepo wa ziwa huvuma alasiri na kuusukuma mshale pembeni. Kati ya shafti mbili zenye spaini sawa, chukua nyembamba na nzito, yenye ncha ya greni 100 hadi 120 (takriban gramu 6.5 hadi 7.8). Zile nene za milimita 9.3 zinaruhusiwa, lakini faida yake ni ukumbini, kwenye mita 18. Kijana mwenye pauni 28 namtoa katika hesabu hii: apewe shafti nyepesi, la sivyo kilengeo chake kitashuka hadi mshale ukiguse.

Pesa za kununua unyofu wa inchi 0.001 badala ya 0.003 ningezipeleka kwenye uzito unaofanana. Mshale mzito kuliko wenzake huangukia chini kila raundi, na mrushaji hujilaumu bure.

Shafti ya kaboni iliyogonga jiwe au mguu wa shabaha, ikunje taratibu mbali na uso huku ukiizungusha na kusikiliza. Ikialika, ivunje kabisa uitupe, isije ikarudishwa kwenye podo ikapasukia mkononi mwa mtu.