Nimekula Terere, Nilipwe

Jamani, ni nani aliyeanzisha hili jambo la mtu kujipa zawadi kwa sababu amekula mboga? Nataka tu kumuuliza kama alishawahi kushuka matatu Donholm saa moja jioni, tumbo likiwa na strungi bila sukari peke yake, huku moshi wa mutura ukimjia usoni.

Mama watoto ndiye aliyetuletea mpango huu nyumbani. Anasema mwili hubembelezwa: kula vizuri wiki nzima, Jumamosi jituze kitu unachokipenda. Sawa. Ninachokipenda nakijua, yeye anakijua, na mchoma nyama wa soko la Burma anakijua kutuzidi sote, maana akiniona ng'ambo ya barabara anaanza kunoa kisu. "La," anasema mama watoto, "zawadi isiwe chakula." Isiwe chakula! Ninyimwe chapati tangu Jumatatu, halafu nituzwe soksi?

Tukatafuta zawadi zisizoliwa. Kukandwa mwili: nikaulizia bei, misuli ikakaza upya. Kutembea msitu wa Karura: langoni kuna kiingilio, na ile hewa safi inatia njaa ajabu. Kulala mchana, hiyo ni bure, nikaishika kwa mikono miwili. Lakini kwetu Umoja, Jumamosi mkutano wa injili umefunga spika upande huu, fundi wa kuchomelea mageti yuko upande ule, na katikati anapita muuza sumu ya panya na kipaza sauti chake. Nililala macho wazi, nikaambiwa nimeshatuzwa.

Likaja la kopo. Kila nikiacha soda, pesa yake inaingia koponi, mwishowe ninunue viatu. Hapa sibishi, hesabu naielewa. Soda ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 hivi, na Shirika la Afya Duniani linasema ukitaka kujinufaisha zaidi, sukari ya kuongezwa ikae chini ya gramu 25 kwa siku. Yaani chupa moja imekumaliza hata chai hujagusa. Basi nikaacha, kopo likajaa. Stima ikakatika usiku, kopo likanunua tokeni. Sasa fikiria mwenyewe: tokeni zinapoza friji, na ndani ya friji mna soda za wageni. Viatu navisikia tu.

Tena katika mashindano haya mimi ndiye mchezaji, mimi refa, mimi mweka hazina. Refa gani huyo asiyehongeka? Nikifika stejini ananiuliza: kachumbari si mboga? Ni mboga. Iko wapi? Iko juu ya smokie. Anapuliza filimbi, mchezo uendelee.

Lakini kilichoniudhi hasa ni kijana wangu wa chekechea. Huyu mtoto alikuwa anakula terere bila kuambiwa, mapenzi ya bure kabisa, mpaka tukawa tunajisifu kwa majirani. Mama yake akaona tumpe moyo: sahani ya mboga ikiisha, kibandiko cha nyota ukutani, nyota zikiwa nyingi, mpira. Mwaka 1973 huko Marekani, mwanasaikolojia Lepper na wenzake walishachapisha utafiti kuhusu watoto wa umri huo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora, wakachora, wakapewa. Wiki moja au mbili baadaye, wakiachwa wacheze watakavyo, ndio waliochora kidogo kuliko waliokuwa hawakuahidiwa kitu. Kazi ikishalipiwa, nani ataifanya bure tena? Nilimweleza mama watoto. Akaniambia nimalize ndengu zangu.

Sasa nikimpakulia kijana, anatazama sahani, ananitazama mimi. "Baba, hii ni nyota ngapi?" Namwambia moja. Anasema terere ni moja, lakini leo mmeweka na malenge, kwa hiyo ni mbili, na ile ya juzi bado ananidai. Nikimwambia mboga ni kwa faida yake mwenyewe, ananiangalia kama karani wa benki aliyeombwa mkopo bila dhamana.

Juzi amemwingiza dada yake. Wamekunja mikono mezani wote wawili, hakuna anayegusa kijiko, na msemaji wao anasema hawazungumzi na mimi, wanamngoja mama arudi kutoka kazini.