Shikamoo, Fundi

Leo asubuhi, saa 1 kasorobo, mzee aliyenizidi umri kwa miaka isiyopungua 30 amenipa shikamoo mbele ya kijiwe cha bodaboda. Hakuteleza ulimi. Alisimama kabisa, akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeingia msibani, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia hata akina mama waliokuwa wakipita na mabeseni ya sato: "Shikamoo, fundi." Nami, kwa kuwa nilikuwa sijaamka sawasawa na mdomo wangu ulikuwa umeitangulia akili, niliitikia, "Marahaba."

Katika nchi hii shikamoo hupanda, haishuki. Mtu anaweza kuishi Mwanza miaka 40, akapanda mawe ya Mabatini kila siku na ndoo ya maji kichwani, asiione ikishuka hata mara moja. Mimi nimeiona na nimeipokea, na vijana wa bodaboda wameahidi kuifikisha Igoma kabla ya adhuhuri.

Chanzo cha yote ni kitanda. Kulwa na Doto wametimiza miaka 7, na kitanda wanacholala pamoja kimegeuka uwanja wa vita, kwa hiyo mama yao aliamua kwamba lazima lipatikane dabodeka. Mzee huyo, ambaye ni seremala na ambaye kiwanda chake kiko hatua chache chini ya nyumba yangu, alitaja shilingi 260,000, mbao na ufundi pamoja. Nilimwambia kwamba nitafikiri. Ukimwambia fundi kwamba utafikiri, anajua kuwa umekataa, na mimi nilijua kwamba anajua, lakini tuliagana vizuri. Usiku huo nilichukua daftari la hesabu la Kulwa, nikachora kitanda kwa rula, nikapiga hesabu ya mbao, misumari, gundi, msasa na vanishi, na jumla ikawa shilingi 118,500. Nilimwamsha mama watoto nimwonyeshe ile 500, kwa sababu 500 ndiyo inayothibitisha kwamba mtu amehesabu kweli, hakubahatisha. Aliitazama, akaniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni, akalala.

Msumeno sikuuweka kwenye hesabu, kwa kuwa niliamini kwamba kila nyumba ina msumeno. Yangu haikuwa nao. Haikuwa pia na randa, patasi, skwea wala keekee, na nyundo iliyokuwepo ilikuwa na kichwa bila mpini. Muuza duka la vifaa alinifungia vitu hivyo kwa heshima kubwa, akauliza kiwanda nakifungua lini.

Mbao nazo zina mambo yake. Nilinunua paini, inchi mbili kwa nne kwa ajili ya matendegu, yaani miguu ya kitanda, na inchi moja kwa nane kwa ajili ya mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, na nilipofika nyumbani nikazipima upya, kwa sababu nilikuwa na futi kamba mpya na nilitaka kuitumia. Ile inchi moja ilikuwa robo tatu ya inchi na kidogo. Nilirudi kwa muuzaji, nikamwuliza kwa adabu sehemu iliyobaki imekwenda wapi. Alininyooshea kidole kuelekea rundo la maranda lililokuwa chini ya mashine, akasema, "Iko pale." Alinihakikishia pia kwamba mti wenyewe ni mzuri, umetoka shamba la Buhindi, upande wa Sengerema, ukavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, na kwa uzito wa mbao zile niliweza kuamini kwamba umevuka wiki iyo hiyo, na pengine bila kupitia juu ya daraja. Daraja lile lina kilomita 3 juu ya maji na sijasikia kwamba linayumba. Nawaomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Mkokoteni uliishia barabarani. Kutoka hapo hadi kwangu ni mawe, na ubao wa futi 12 haukati kona, kwa hiyo vijana wawili walipita nao juu ya paa la choo cha jirani, na choo hicho nacho kimeingia kwenye daftari.

Jumamosi saa 3 asubuhi nilikuwa uani, kalamu ya risasi ikiwa sikioni, nikijisikia mtu. Ndipo mzee alipopanda. Alisalimia, akaulizia watoto, akaulizia mvua, akazizunguka mbao zangu mara moja kwa mikono nyuma ya mgongo, akauchagua ubao mmoja na kuukalia. Ilinichukua saa nzima kutambua kwamba alikuwa ameuchagua ule ulionyooka kuliko zote. Sasa mniambie, mtu anamwondoaje mzee kwenye ubao? Unasemaje? Nilianza kukata ile iliyopinda, nikijipa moyo kwamba atachoka. Hakuchoka. Mama watoto alimletea chai na mihogo, na mzee aliyepewa chai uani kwako amekwisha kupewa hati ya kiwanja.

Alikaa kimya mpaka nilipoukata mfumbati wa kwanza.

"Huo una futi ngapi?" aliuliza.

"6 kamili, mzee. Godoro ni futi 6."

Alitafuna muhogo wake taratibu, akameza, akapangusa vidole. "Na ulimi utautoa wapi?"

Nilihisi damu ikinipanda. Tangu asubuhi nilikuwa nimejizuia kusema lolote kuhusu makalio yaliyokuwa juu ya mbao zangu, na sasa naulizwa habari ya ulimi. "Ulimi ninao, mzee," nilisema kwa upole wote niliokuwa nao, "ila mama yangu alinifundisha kuufunga mbele ya wakubwa."

Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Alimtazama Doto, akalitazama ziwa, akarudi kunitazama mimi. "Haya," alisema. Haya ya mzee wa Kisukuma ni neno fupi kwa wasiolijua. Yeye aliitoa kama anayeshusha mzigo wa pamba kwenye mizani. Nikaendelea kukata, nikakata mifumbati yote minne, kila mmoja futi 6, bila kuzidi wala kupungua unywele, na nikiri kwamba niliona fahari.

Ulimi, kama kila mtu wa mtaa huu anavyojua isipokuwa mimi, ni ile ncha ya mfumbati inayochongwa nyembamba ili iingie kwenye tundu la tendegu. Nilipomaliza kutoboa matundu saa 8 mchana ndipo nilipogundua kwamba ncha hizo lazima zitoke mahali fulani, na kwamba palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, ndani ya futi zangu 6 kamili. Inchi 2 kichwani, inchi 2 miguuni. Kitanda kikabaki na futi 5 na inchi 8, na godoro lilikuwa ndani linanisubiri na futi zake 6 zote.

"Mzee," nilisema, "kumbe ulikuwa unaulizia ulimi wa mbao."

"Uliniambia unao, ng'wanawane. Nikawa nangoja uutoe."

Wakati huo alikuwa amekwisha kula mchana kwangu, ugali na sato mzima, nami nimeandika daftarini, "Chakula cha mtazamaji, 9,000." Baada ya chakula alihama ubao. Nilishukuru Mungu, nikauendea mbio ule ulionyooka, nikaona kwamba amehamia kwenye chaga, zile mbao za kubebea godoro.

Chaga nilizipigilia misumari, na kila niliyoipigilia karibu na ncha ilipasuka. Ya kwanza ilipasuka, nikasema ni bahati mbaya. Ya pili nikasema ni ubao mbovu. Ilipopasuka ya 6 nilisema neno ambalo Kulwa amelipeleka shuleni. Mzee aliomba nyundo. Aliuchukua msumari, akaupindua, akakilaza kichwa chake juu ya jiwe, akaigonga ncha mara mbili mpaka ikawa butu, kisha akaupigilia kwenye ubao uleule, kando ya ufa uleule, ukaingia kimya. Ncha kali huipenya mbao kama kabari na kuitanua. Iliyo butu huzisagasaga nyuzi zilizo mbele yake na kujipatia njia. Jambo hilo linachukua sekunde tatu kulifanya na nusu dakika kulieleza, na mtu huyu alikuwa amelikalia kimya pamoja na mbao zangu tangu saa 3 asubuhi!

Jioni, kitanda kiliposimama, alitoa mfukoni kipande cha uzi wa nyavu. Alimpa Doto ncha moja aishike kwenye kona, akauvuta mpaka kona ya upande wa pili, akapiga fundo. Kisha wakahamia kona mbili zilizobaki, na fundo likapita nje ya kona kwa upana wa vidole viwili. Kama pembe zingekuwa mraba, vipimo hivyo viwili vingelingana. Haya ni mambo ya Pythagoras, ambaye nilifahamiana naye kidato cha pili tukaachana bila ugomvi.

"Matendegu haya yanatazama Musoma," mzee alisema, akionyesha kwa kidevu. "Yale yanatazama Shinyanga."

Niliweka kiganja kwenye mfumbati wa juu, nikasukuma. Kitanda kizima kiliitikia. Kutoka uani kwangu, watu wakianua nguo, Jiwe la Bismarck linaonekana pale majini. Limekaa juu ya wenzake tangu kabla Wajerumani hawajaja kulibandika jina lile, halina ulimi, halina tundu, halijapakwa gundi, na halichezi. Nikiligeuzia mgongo nalikumbuka lile daraja. Nilikuwa mtu pekee kanda hii ya ziwa ambaye kitu chake kilikuwa kinayumba.

Habari za mlangoni sizielezi. Kitanda kilivunjwa, kikaingia, kikaundwa tena ndani, na tundu moja likapanuka.

Vanishi nayo nilipaka jioni, barazani kwa sababu ya harufu, mchago, yaani upande wa kichwani, na ngazi kwanza, na nikawasha taa ili nione vizuri. Nawauliza watu wa ziwani: mtu mwenye akili zake, usiku usio na upepo, anawashaje taa barazani? Sikuvisikia vidudu vya ziwani vilipopanda. Asubuhi mchago wangu ulikuwa na ndevu. Vile vidudu vilikuwa vimetua kwa maelfu, vikanata, vikakauka na mabawa yao, na Doto, ambaye mwalimu wake analalamika kwamba hapendi hesabu, amehesabu 214 kwenye ngazi peke yake na kuandika jibu daftarini, chini ya hesabu zangu. Nikanunua msasa mwingine. Nikanunua vanishi nyingine. Vinavyobaki mama watoto anawaambia wageni kwamba ni urembo.

Sasa mbao zinakauka, na zinapokauka hazipungui urefu, zinapungua upana. Ingekuwa kinyume chake ningeweza kulivumilia, maana urefu ulikwisha kuharibika tangu Jumamosi, lakini ndimi zimesinyaa ndani ya matundu na kila Kulwa akigeuka kule juu usiku tunasikia mlio kama wa mtumbwi unaosukumwa mchangani. Doto analala chini, katikati ya godoro lililokunjamana kama beseni, na anasema anapapenda. Nilijumlisha tena jana. Pamoja na msumeno, randa, keekee, choo cha jirani na yule sato, dabodeka limefika shilingi 437,000. Nilitaka kuokoa 141,500 tu, jamani! Sikutaka utajiri! Nilitaka kuokoa fedha ambazo hazitoshi hata kununua keekee mbili!

Turudi kwenye shikamoo. Baada ya marahaba yangu, vijana walipokuwa bado wameshikana mabega kwa kicheko, mzee alivaa kofia yake na kunisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amepata oda ya dabodeka, mteja ni mtu wa Nyegezi, amekubali 280,000 bila kubishana, na kwamba keekee yake imeungua. Angeshukuru kama ningemwazima yangu, siku mbili tu. Na randa. Mtu aliyekwisha kuitikia marahaba hana pa kukimbilia. Mkubwa anapoombwa na mdogo wake, anatoa. Nilitoa.

Saa 4 alipanda tena na mbao zake, zilizokauka na kunyooka, kwa sababu luku ya kiwandani imekwisha. Ninapoandika haya yuko uani kwangu, pale pale nilipokuwa mimi Jumamosi, na mama watoto amekwisha kupeleka chai. Nimetoka mara moja na futi kamba, nikapima mfumbati wake alipoinama kuchomeka waya: futi 6 na inchi 4. Uniti zilikuwa 9.4 asubuhi, sasa zimesoma 8.3, na bado hajaanza matundu ya ngazi.