Meli ya bei chee au meli ya kila kitu ndani: nani analipia kitanda chako?

Mei 2005 meli ndogo ya watalii iliyopakwa rangi ya chungwa kali ilianza kuzunguka pwani ya Ufaransa na Italia, ikipita Nice, Cannes, Saint-Tropez, Monaco na Portofino. Iliitwa easyCruiseOne, na mwenyewe alikuwa Stelios Haji-Ioannou, mtoto wa tajiri wa meli za mizigo ambaye mwaka 1995 alianzisha shirika la ndege la easyJet. Hoja yake ilikuwa kwamba alichokifanya angani kinawezekana baharini. Ondoa chakula kwenye nauli, ondoa dansi na maonyesho, ondoa mhudumu wa kutandika kitanda kila asubuhi, halafu mwache abiria alipie anachokitaka tu. Chumba kilitangazwa kwa bei ya kuanzia takribani pauni 29 kwa usiku. Ungeweza kupandia bandari moja, ukalala usiku kadhaa, ukashukia nyingine.

Ilikuwa gesti inayoelea. Unapewa ufunguo, kitanda, bafu la kujibanza na taulo. Mlo wa usiku utautafuta mwenyewe mtaani. Vyumba vingi havikuwa hata na dirisha. Ukitaka kusafishiwa chumba, unalipa.

Miaka minne baadaye, 2009, kampuni ikauzwa kwa Hellenic Seaways, kampuni ya feri ya Ugiriki, na haikuchukua muda jina hilo likatoweka baharini. Tangu hapo watu hukumbuka jambo hili kama kichekesho: eti tajiri alidhani mtu anaenda likizo ya meli ili alale kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa. Hukumu hiyo naiona ya haraka mno. Stelios alipatia jambo moja kubwa ambalo kampuni za jadi za meli za likizo zimelikosea hadi leo. Alichokosea ni hesabu.

Kwanza alichopatia. Meli ya jadi huingia bandarini asubuhi na kuondoka saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, ili abiria warudi kula chakula cha usiku ndani. Yaani unauona mji saa za jua kali, ukiwa umebanana na maelfu wenzako walioshuka nao, na unaondoka wakati wenyeji ndiyo kwanza wanatoka barazani. Nani aliyewahi kuijua Saint-Tropez saa nne asubuhi? Easycruise iligeuza ratiba. Ilifika mchana, ikalala bandarini, ikang'oa nanga usiku wa manane au karibu na alfajiri huku abiria wamelala. Jioni nzima ilikuwa yako.

Anayetaka kuelewa uzito wa hilo na aitazame Zanzibar. Meli kubwa za utalii hutia nanga pale Malindi katika msimu wake, wageni wakazungushwa Mji Mkongwe kwa vikundi, wakapigwa picha kwenye milango ya nakshi, wakapelekwa shamba la viungo na kurudishwa. Mara nyingi meli inakuwa imeshaondoka kabla wachoma mishikaki wa Forodhani hawajapuliza makaa yao yakakolea. Mwenye meli ameuza ziara, ameuza na chakula cha usiku. Muuza urojo hakuona hata sarafu. Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yanayosikika Dubrovnik na Barcelona, na ni sehemu ya hasira zilizoifanya Italia mwaka 2021 kuzizuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca katikati ya Venice. Meli ndogo inayolala bandarini na isiyowapa abiria wake chakula, kwa mji mwenyeji, ni mgeni bora zaidi. Hili halina ubishi mkubwa.

Sasa hesabu. Ndege ya bei chee ni chee kwa sababu haikai chini. Inatua, inashusha, inapakia, na baada ya nusu saa hivi iko angani tena. Kiti kimoja kinauzwa mara nne, sita, hata zaidi kwa siku. Kitanda cha meli hakiuziki hivyo. Usiku ni mmoja na utauzwa mara moja tu, hata nahodha awe hodari vipi. Zaidi ya hapo, meli ya abiria 170, na easyCruiseOne ilibeba kiasi hicho, inahitaji nahodha, mafundi wa injini, walinzi wa zamu, bima na ada za bandari kama meli yoyote. Gharama hizo zikigawanywa kwa watu 170 zinauma. Zikigawanywa kwa watu 5,000 hazisikiki.

Kuna jambo jingine ambalo naona ndilo kiini. Meli za jadi zimejifunza kuuza nauli kwa hasara ndogo au faida kiduchu, kisha zikala pesa ndani ya meli. Mwaka 2023 Carnival, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, ilipata mapato ya takribani dola bilioni 21.6, na humo bilioni 7.5 hivi hazikutoka kwenye tiketi. Zilitoka kwenye vinywaji, kasino, ziara za nchi kavu, maduka, intaneti na mambo kama hayo. Zaidi ya theluthi moja. Huo ndio mfuko wa pili, na ndio unaokilipia kitanda chako.

Easycruise ilitaka kuishi bila mfuko wa pili. Mbaya zaidi, ubora wake ndio uliouziba. Katika nchi nyingi sheria hazikubali kasino na maduka yasiyotozwa ushuru kufunguliwa meli ikiwa bandarini. Lazima iwe imetoka nje. Meli inayolala bandarini kila usiku, huku abiria wake wako mjini wanakunywa divai ya mtu mwingine, imejinyima saa zenye faida kuliko zote. Walichokipata wenye baa za Cannes ndicho alichokikosa Stelios.

Usidhani basi kwamba kitanda cha bei chee baharini hakiwezekani. Kinawezekana, mradi kuwe na mfadhili mwingine. Nenda Stockholm upande feri ya usiku ya Viking Line au Silja kwenda Finland. Chumba kisicho na dirisha, siku ya katikati ya wiki, kinaweza kuwa bei ambayo hupati chumba cha hoteli mjini. Chakula unajilipia. Hiyo ni falsafa ya easyCruise kabisa, na meli hizo zimedumu miaka na miaka. Siri iko sitaha za chini, kwenye malori na magari, na iko dukani. Njiani zinagusa visiwa vya Åland, ambavyo ingawa ni sehemu ya Finland viko nje ya eneo la kodi la Umoja wa Ulaya, na kwa sababu hiyo pombe na sigara zinaendelea kuuzwa bila ushuru hata baada ya Umoja huo kufuta utaratibu huo mwaka 1999 kwa safari za ndani. Meli inatia nanga Mariehamn usiku, dakika chache, abiria wengi wamelala au wako dukani. Norway nako, meli za Hurtigruten zimekuwa zikipanda na kushuka pwani tangu mwaka 1893, leo kati ya Bergen na Kirkenes, zikibeba mizigo, wanakijiji na watalii kwa pamoja. Mtalii analala juu ya mzigo wa mtu mwingine, na mzigo unachangia safari.

Upande wa pili nao una haki yake, na wanaozidharau meli kubwa mara nyingi hawajawahi kusafiri na mama mzee na watoto watatu. Mpeleke bibi mwenye miguu ya kuuma kwenye meli ya bei chee, umwambie kila mlo tutafute mgahawa juu ya kilima cha Portofino, ambako sahani ya tambi inakula bajeti ya siku. Kwenye meli kubwa anakaa mezani, analetewa, anamaliza, anaingia lifti. Watoto wana bwawa na walezi. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kazi Januari 2024, ina sitaha 20 na ikijaa kabisa inachukua abiria wapatao 7,600. Huo ni mji, na mji una mambo yake, lakini familia ya vizazi vitatu itapata kila mmoja pa kujishikiza. Na wapo wanaotaka meli kwa ajili ya meli yenyewe. Kwenye Queen Mary 2 bado kuna usiku wa kuvaa suti na gauni refu, na anayevuka Atlantiki kwa siku saba haendi kutafuta bandari yoyote. Mtu wa namna hiyo ukimwondolea sherehe umemwondolea safari.

Ninachokataa ni lugha ya "kila kitu kimo ndani". Hakimo. Chukua watu wawili, usiku saba, kwenye meli ya kawaida ya Kimarekani. Bakshishi pekee, kwa dola 16 kwa kichwa kwa siku, ni dola 224, na kampuni nyingi sasa zimepita hapo. Inakatwa yenyewe kwenye akaunti yako. Kifurushi cha vinywaji ni zaidi ya hiyo mara kadhaa, na kampuni nyingi zinadai mtu mzima mmoja chumbani akinunua, mwenzake naye anunue, hata kama hanywi pombe kabisa. Muislamu anayesafiri na rafiki mnywaji ajue hili mapema. Intaneti, ziara, picha aliyokupiga yule kijana mwenye kamera getini, vyote vina bei. Kwa hiyo ulinganisho wa haki si nauli kwa nauli. Chukua jumla ya mwisho, gawa kwa siku, weka kando ya gharama ya feri, gesti na migahawa kwa njia ileile. Ukifanya hivyo, mara nyingine meli kubwa bado inashinda, hasa kwa chumba cha ndani nje ya msimu, ukiwa mtu wa maji na chai. Pesa za wenzako kasinoni na baa zinakufadhili.

Wanaolipa sehemu nyingine ya kitanda hicho hawaonekani sana. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Ukigeuza hesabu hiyo, inaruhusiwa kufanya kazi mpaka saa 14 kwa siku, na meli nyingi zinapeperusha bendera za Bahamas au Panama na kufuata sheria za huko, huku makao ya biashara yako Miami, Marekani. Vijana wetu wa Mombasa nao wanaitafuta kazi hiyo kwa hamu, kwa kuwa mshahara unazidi wa nyumbani, siwezi kuwalaumu. Ila tabasamu la mhudumu anayekukunjia taulo liwe umbo la tembo ni sehemu ya kile ambacho easyCruise ilikiondoa, na kwa upande huo ubahili wake ulikuwa na unyoofu fulani.

Ningechagua nini leo? Kama ni kijana, au wawili wasio na watoto, na mnachokitaka ni miji, msisubiri easyCruise nyingine. Feri za Ugiriki kutoka Piraeus, bandari ya Athens, zinafanya kazi ileile bora zaidi: unashuka kisiwa cha Paros, unalala gesti siku mbili, unapanda nyingine. Kama ni familia, au harusi, au wazazi wametimiza miaka 50 ya ndoa, chukueni meli kubwa na mkae mbali na kifurushi cha vinywaji.

Kwa mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda kuna jambo la kuangalia kabla ya bei. Safari inayogusa Ufaransa, Italia na Hispania tu haikutoi nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ikiongezwa Tunis, Istanbul au Kotor, umetoka, na kurudi Barcelona kunahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mawakala wengi hawakuambii. Meli itakukatalia gatini, na nauli hairudi. Kwenye feri unapanga njia mwenyewe kadiri ya viza uliyonayo. Kwenye meli kubwa ratiba ilishachapwa, kwa hiyo isome bandari kwa bandari kabla hujalipa.